Siku Angelina Alipomnyang'anya Mtani Wake

Watu wa Lukwele wakikuambia kwamba Angelina Mkude aligombea udiwani kwa ajili ya barabara, waitikie tu, ni watu wema na hawapendi kumsema vibaya. Ukweli ni kwamba aligombea kwa ajili ya Thobias. Barabara aliisema kwenye mikutano kwa sababu ndiyo iliyokuwa kilio cha kila mtu kule juu, ambako kabichi na njegere zilishuka mlimani vichwani mwa wanawake, na mzazi aliyezidiwa alishushwa kwa machela huku wabebaji wakiteleza kwenye utelezi. Barabara nayo aliitaka, hakuwa na moyo wa jiwe. Lakini alipokuwa ameinama kwenye matuta yake akipalilia, jina lililomzunguka kichwani lilikuwa moja tu, na lilimfanya apige jembe kwa nguvu kuliko magugu yalivyohitaji.

Asiyejua habari ya utani ataona watu hawa wamerukwa na akili, kwa hiyo tuianze hapo. Uluguruni kila ukoo una ukoo wake wa watani. Mtani wako anaweza kukuita maiti mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia jikoni kwako akaondoka na jogoo uliyemweka kwa ajili ya sikukuu, nawe unatakiwa ucheke. Ukikasirika, aibu ni yako, na watu watakusimulia hadi vijiji vya mbali. Na siku ukifa ni huyo huyo anayeshika jembe, akachimba kaburi lako, akafagia uwanja wako na kukutukana ukiwa ndani ya sanda, ili waliofiwa wapate kupumua. Ukoo wa Angelina na ukoo wa Thobias zilikuwa zimetaniana hivyo tangu enzi za mababu zao, na hakukuwa na ubaya wowote mpaka ulipofika mwaka wa operesheni ya wazururaji.

Mwaka ule mtu akikutwa mjini bila kitambulisho cha kazi alihesabiwa kuwa mzururaji, akapakiwa kwenye lori na kupelekwa kulima. Dominiko, mdogo wake Angelina, aliteremka Morogoro Mjini na tenga la njegere, akakamatwa sokoni na tenga lake begani. Akapelekwa kwenye uwanja wa ofisi moja ya serikali. Hakuogopa hata kidogo, maana aliyekuwa karani wa ofisi ile alikuwa Thobias, mtani wake. Akawaambia askari, mwiteni karani, atawaambia mimi ni nani.

Thobias alitoka nje na kalamu sikioni. Akamtazama Dominiko toka miguuni hadi kichwani, akasema, "Huyu? Simjui. Mwizi wa kuku tu huyu, mpelekeni mbali."

Dominiko alicheka. Waliokuwepo walisema alicheka mpaka akashika mbavu, akamjibu, "Maiti wewe!" Askari hawakuwa watu wa huku, hawakujua utani wala hawakuona cha kuchekesha. Wakampandisha kwenye lori. Alikuwa bado anacheka wakati lori linatoka getini, na shingo ameigeuza, akingoja mtani wake aje amshushe. Lori likashika njia ya Kisaki, na huko homa ikamkuta mtu wa milimani ambaye damu yake haikuzoea mbu. Kabla mvua za masika hazijaanza, mtu aliyetoroka kambini akaleta habari kwamba amekufa, na wamemzika watu wasiojua hata jina la ukoo wake.

Kwa watu wengine kufiwa na kaka au mdogo ni msiba kama misiba mingine. Kwa Mluguru, ambaye watoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye nguzo ya nyumba. Yeye ndiye anayewagawia shamba, ndiye anayekaa kwenye kikao cha posa, ndiye anayeitwa mtoto akishindikana. Dominiko alikuwa mjomba pekee wa watoto wa Angelina. Binti yake mkubwa alipoposwa, upande wa wajomba ilibidi akae mzee wa kuazima.

Na Thobias alikuja matangani! Alikuja akicheka kama mila inavyotaka, akapiga kelele toka njiani, "Kafa mwizi wa kuku! Nani atakula kuku wenu sasa?" Akaingia jikoni akachukua jogoo. Na Angelina ilibidi amfungie jogoo yule miguu ampe, kwa mikono yake mwenyewe, huku wanawake wakimtazama kama atakasirika. Hakukasirika. Tangu siku hiyo kila alipojaribu kumuuliza Thobias kwa utulivu, kama mtu mzima kwa mtu mzima, kwa nini hakwenda kumshusha mtoto wa watu kwenye lori, Thobias aliangua kicheko akasema, "Nilitania, mtani! Bado unanidai maiti yako?" Na waliokuwa karibu walicheka naye. Ungefanya nini? Mila ilikuwa imemziba mdomo Angelina, na kwa miaka yote hiyo chuki yake ilikaa ndani ikichacha.

Zikaja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Thobias akaacha ukarani akawa mfanyabiashara, akanenepa, akanunua lori, kisha akaingia udiwani wa kata ya bondeni. Angelina alipopata habari hiyo aliacha kila kitu akachukua fomu ya kata ya Lukwele, akashinda. Alikuwa amesikia kwamba kwenye baraza la madiwani watu huitana mheshimiwa, kwamba kuna kanuni, na kwamba kila neno linaandikwa. Akawaza kwamba hatimaye kuna nyumba moja duniani ambayo utani unaachwa mlangoni. Humo ndimo angemkamata.

Siku yenyewe ikafika kwenye kikao cha bajeti. Angelina alikuwa amelala Kilakala, huko mjini, kwa rafiki yake Shadya, diwani wa viti maalumu, mwanamke wa mjini anayeuza vitenge na anayejua nani kalala na wazo gani. Walipokuwa wanakunywa uji, Shadya alimwambia, "Hoja ya leo ni ya Thobias. Anataka halmashauri ikamilishe barabara ya kwenu."

"Najua," alisema Angelina. "Kipengele cha tatu umekisoma?"

Shadya alikuwa amekisoma. Kipengele cha kwanza na cha pili vilisema barabara itachongwa hadi Lukwele, kampuni moja ya binafsi itatoa katapila, na halmashauri itajenga madaraja. Cha tatu kilisema kwamba, kwa fadhila hiyo, mboga zote zitakazoteremka kwa barabara ile zitauzwa kwenye geti moja, kwa kampuni hiyo moja, kwa bei itakayopangwa na kampuni. Kampuni ilikuwa na jina la shemeji yake Thobias. Na Thobias alikuwa na hakika ya ushindi kiasi kwamba katapila ilikwisha kuchonga mlima hadi nusu njia, hata kabla ya baraza kukaa.

"Mwenzangu, usikiguse hicho kipengele," Shadya alisema. "Ukikigusa, akina Ignas, wale madiwani wa upande wake, watasusa, hoja nzima itaanguka, na watu wako watabeba matenga mpaka wajukuu zao waote mvi. Pitisha barabara kwanza. Mengine yatajulikana mbele ya safari."

Wanaosema Angelina aliifikiria kata yake asubuhi ile wanampamba. Aliifikiria kidogo, wakati anafunga kilemba. Kisha akasema, "Ianguke." Akachukua mkoba wake.

Baraza lilianza kwa sala mbili, ya Kiislamu na ya Kikristo, kama kawaida. Mwenyekiti alikuwa Mzee Yunusi, mtu mnene mwenye huruma anayependa kikao kiende haraka ili chai isipoe. Wakathibitisha muhtasari uliopita, Thobias akaulizwa kama anaijua kampuni ya katapila akasema haijui, wakapitisha sheria ndogo ya mbuzi wanaozurura, wakabishana kwa muda mrefu juu ya choo cha mnada. Angelina alikaa na mikono mapajani. Mbele yake, upande wa pili wa ukumbi, Thobias alikuwa ameegemea kiti, suti imembana tumboni, akimpungia vidole kama anavyompungia kila anapomwona. Angelina naye akampungia. Ni mtani wake.

Ikaitwa hoja ya barabara. Thobias alisimama akaitoa vizuri, tusimnyime haki yake. Akasema zama za serikali kufanya kila kitu zimepita, sasa ni ubia. Akasema akina mama wa milimani wanateseka, akamwonyesha Angelina kwa mkono, "kama mtani wangu yule, ambaye shingo imeingia mabegani kwa kubeba kabichi." Ukumbi ukacheka. Ignas, diwani mwenzake wa bondeni na mshirika wake wa biashara, akasimama akaiunga mkono. Mzee Yunusi akatangaza kwamba hoja imetolewa na imeungwa mkono, na sasa inajadiliwa.

Hapo ndipo Angelina aliponyoosha mkono. Aliusubiri wakati huo kwa makusudi. Kabla ya kuungwa mkono, hoja ni ya mtoaji na anaweza kuifuta. Baada ya hapo ni mali ya baraza.

Akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu mlimani, na akayasema bila kutetemeka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, aliyetoa hoja hii alimkana mdogo wangu. Aliletwa mbele yake akiwa hai, akasema hamjui. Mdogo wangu akafia Kisaki akazikwa na watu baki. Nauliza kama mtu wa namna hiyo ndiye wa kupewa funguo za njia yetu."

Kisha Ignas akapiga meza akapayuka, "Watani hao!" Na ukumbi mzima ukaripuka. Walicheka madiwani, wakacheka maofisa walioketi nyuma, Mzee Yunusi akavua miwani akajifuta macho. Thobias akasimama akijishika tumbo. "Mwenyekiti, msimsikilize, huyo ni maiti inayotembea! Tulisahau kuizika!" Wakacheka tena.

Angelina alibaki amesimama katikati ya vicheko hivyo. Miaka yote aliyongoja, kampeni za kupanda na kushuka milima, kilemba kipya, vyote vilikuwa vimemfikisha pale pale matangani, na Thobias yule yule mbele yake na kicheko kile kile. Utani haukuachwa mlangoni. Uliingia nao, ukaketi nao, ukawa na kura. Alisikia hasira ikimpanda hadi masikioni, hasira ya kutaka kuvuka ukumbi akamkwaruze uso, na akajua kwamba akiitoa hasira ile atakuwa amekwisha.

Basi akacheka. Walioketi karibu naye walisema kicheko chake kiliwatisha kidogo, lakini waliokuwa mbali hawakuona chochote.

"Sawa, mtani," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya uwanjani, ya mwanamke anayeingia kwa watani zake na mikono kiunoni. "Maiti imefufuka, na ina njaa. Ulikuja kwangu ukachukua jogoo, nilikukataza? Leo nimekuja kwako. Mwenyekiti, namnyang'anya mtani wangu jogoo wake! Jogoo mwenyewe ni kipengele cha tatu. Natoa marekebisho kifutwe, kile cha kwanza na cha pili vibaki, na mboga za Lukwele ziuzwe kwa yeyote anayezitaka. Mtani asipotoa jogoo, ni mtani huyo?"

"Naunga mkono!" Shadya aliruka kutoka kitini kabla hata hajafikiri. "Mchinjie!"

"Mchinjie!" walipokea wengine, na meza zikapigwa. Nusu yao walikuwa wana wa Uluguru, na wengine walikuwa wameishi huku vya kutosha kujua mchezo unavyochezwa. Mtani akidai, anapewa. Ni raha ya watazamaji kuona unyang'anyi ukikamilika.

Thobias alikuwa bado anacheka, ila sasa kwa mdomo tu. Macho yake yalikwenda kwa Ignas, yakarudi kwa Mwenyekiti. "Mwenyekiti, tumecheka vya kutosha. Tuendelee na hoja ilivyokuwa."

"Marekebisho yametolewa na yameungwa mkono, mheshimiwa," alisema Mzee Yunusi, akicheka bado. "Lazima niyahoji kwa kura."

"Basi naifuta hoja yangu yote."

"Si yako tena, mheshimiwa. Ni ya Baraza. Waheshimiwa, aifute?"

"Asiifuteee!"

Na hapo Thobias alifanya kosa ambalo mtoto wa miaka saba wa Lukwele asingelifanya. Alikasirika. Akapiga meza kwa kiganja, uso umemwiva, akapaza sauti, "Hili si suala la utani! Katapila yangu imeshachonga nusu ya mlima ule! Nani atanirudishia?"

Ukumbi ulivuta pumzi. Kisha wakapiga kelele kwa pamoja, wengine wamesimama, "Kakasirika! Mtani kakasirika!" Na katika kelele hizo, ofisa mmoja nyuma akasikika akiuliza polepole, "Kumbe katapila ni yake?" Mzee Yunusi aliacha kucheka. Akamuuliza Thobias kama ana maslahi binafsi katika kampuni hiyo, maana asubuhi ile ile alipoulizwa alisema haijui.

Thobias akamgeukia Ignas. Ignas, ambaye angeongoza kususa, aliinamisha kichwa akawa anasoma ajenda kana kwamba imeandikwa upya.

Wanaoafiki marekebisho wakaambiwa wanyooshe mikono. Wengine walinyoosha kwa sababu ya katapila, lakini wengi walinyoosha wakicheka, kwa kumkomesha mtu aliyemkasirikia mtani wake. Kisha hoja nzima ikahojiwa kama ilivyorekebishwa. Barabara ikapita, geti likafa, na katapila ya Thobias ilikuwa imewachongea watu wa Lukwele nusu ya mlima bila fidia. Mzee Yunusi akaahirisha kikao kwa chai.

Thobias alimkuta Angelina nyuma ya ukumbi, kwenye bomba la maji, anaosha mikono. Hapakuwa na mtu karibu. Hakumwita mtani.

"Umefurahi?" aliuliza. "Sasa na mimi nikuambie kitu, Angelina, ukakae nacho. Siku ile sikuwa natania. Kadominiko kako kalikuwa kamenichezea mbele ya bosi wangu kila kalipoteremka mjini, kananiita mtumwa, bosi anacheka. Nikasema acha nako kakaone. Nilijua askari wale hawaelewi utani. Nilijua vizuri kabisa."

Aliyatoa maneno yale ili yamchome, na yalimchoma. Lakini ndiyo aliyoyatafuta miaka yote, neno kwa neno, na sasa yalikuwa yametoka kwenye kinywa chenyewe. Alidhani siku akiyasikia atalia au atampiga mtu kofi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye kitenge, akamtazama Thobias mpaka Thobias akaangalia pembeni.

"Haya," alisema. "Twende ndani."

Baada ya chai ajenda ilikuwa uchaguzi wa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, cheo ambacho Thobias alikuwa amekizungukia kwa miezi, akiwanunulia watu soda na kuwapa lifti. Jina lake lilisomwa la kwanza. Mzee Yunusi akauliza kama kuna mwenye la kusema kabla ya kura, na Angelina akanyoosha mkono.

Thobias aliuona mkono ule. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni na kuloanisha kola. Hakungoja Angelina aitwe. Akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka nyuma yake, akasema anaomba jina lake liondolewe, kwa sababu za kifamilia, na hatagombea. Madiwani wakatazamana. Wachache walianza kucheka, wakidhani mchezo unaendelea.

"Limeondolewa," alisema Mwenyekiti kwa mshangao. "Mheshimiwa Angelina, ulikuwa unasemaje?"

Angelina alisimama. Chuki ilikuwa bado ipo, asije mtu akakudanganya kwamba kisasi kinaiondoa. Lakini alikuwa amemwona mtu mzima akikimbia mkono wake mtupu, na jambo hilo lilikuwa tamu, na hakuona haya kuona utamu wake.

"Naomba ruhusa tu, Mheshimiwa Mwenyekiti. Nataka kuwahi gari la Kisaki. Nina msiba."

"Poleni sana. Nani amefariki?"

"Mdogo wangu, Dominiko," alisema Angelina. "Leo ndiyo nimeambiwa alivyokufa."

Akamtazama Thobias wakati anasema. Wote wakageuka wakamtazama Thobias, ambaye alikuwa bado amesimama, kiti chake kimelala sakafuni. Ignas alifungua mdomo kusema lile neno lake, akaufunga. Safari hii hakucheka mtu.